Nyimbo saba za Havergal kwa solfa: kijitabu cha kwaya kinachouzwa Kisumu

Kijitabu hiki kinapatikana katika duka dogo la vifaa vya kwaya mjini Kisumu, si mbali na barabara ya Oginga Odinga, kwenye rafu moja na majoho, vitabu vya tenzi vya mfukoni na filimbi za kutolea doh. Kina kurasa 24 za A5. Ndani yake mna nyimbo saba za Frances Ridley Havergal, mwandishi Mwingereza wa tenzi wa karne ya kumi na tisa, kwa sauti nne: solfa juu, yaani noti zinazoandikwa kwa herufi (d, r, m), na maneno ya Kiswahili chini. Bei ni shilingi 200.

Solfa yake ni nzuri, na kwa bei hiyo kijitabu kinafaa kununuliwa. Tatizo liko kwenye maneno: aliyeyapanga chini ya noti alihesabu mizani, yaani silabi, akasahau mkazo. Mwalimu wa kwaya akikigawa kama kilivyo, wanakwaya watajifunza kutamka Kiswahili chao wenyewe kama watu waliokianza jana. Akikaa nacho jioni moja na penseli, atakuwa na kitu ambacho huku kwetu ni adimu.

Ni adimu kwa sababu vitabu vinavyoshikwa makanisani, kuanzia Maseno hadi Kaimosi, vingi ni vya maneno matupu. Hakuna jina la tuni wala la mtunzi. Wimbo unafunguliwa kwa namba, mtu mmoja anaanzisha kwa sauti aliyoirithi, na wengine wanafuata. Matokeo yake ni kwamba watu wanaoimba maneno ya Havergal tangu utotoni hawajawahi kusikia jina lake. Na waimbaji wa huku si wavivu wa kusoma: mwanakwaya aliyepita shule yenye tamasha la muziki husoma solfa bila taabu. Kilichokosekana ni karatasi ya kusoma.

Tuanze na maisha yake, kwa kuwa kurasa za 3 na 4 zitasomwa kwa sauti mbele ya watu kabla ya wimbo kuimbwa, na ukurasa wa 3 una kosa kubwa. Kijitabu kinasema Havergal alikuwa kipofu. Hakuwa kipofu. Kipofu alikuwa Fanny Crosby, Mmarekani, aliyezaliwa 1820 na kufariki 1915. Wote wawili walibatizwa Frances, waliandika katika miaka ileile, na nyimbo zao hukaa jirani katika vitabu vya mfukoni. Ndipo mkanganyiko unapoingia. Havergal alimheshimu Crosby hata akamtungia shairi na kulituma ng'ambo ya bahari. Yeye mwenyewe alisoma Agano la Kale kwa Kiebrania na Jipya kwa Kigiriki, na alijua Kifaransa, Kijerumani na Kiitaliano. Futa mstari huo katika kila nakala kabla ya kugawa.

Tarehe zimeandikwa sawasawa. Alizaliwa 14 Desemba 1836 katika kijiji cha Astley, Worcestershire, Uingereza. Alifariki 3 Juni 1879 Caswell Bay, karibu na Swansea huko Wales, akiwa na miaka 42, akarudishwa Astley kuzikwa. Lakini mwandishi wa kurasa hizi ameacha nje jambo ambalo mwalimu wa kwaya analihitaji kuliko yote: mama huyu alikuwa mwanamuziki. Baba yake, William Henry Havergal, aliyeishi 1793 hadi 1870, alikuwa kasisi na mtunzi wa tuni za kanisa. Binti alikua akipiga piano na kuimba, akasimama kuimba peke yake na vyama vya waimbaji, na baba alipofariki aliandaa mkusanyiko wa tuni zake ukachapishwa 1871. Ndiyo maana mishororo yake ni ya kuimbika. Silabi nzito zinaangukia pale pigo zito linapoangukia, ubeti baada ya ubeti, bila kuteleza. Hapa ndipo ugumu wa kumtafsiri ulipo, na ndipo kijitabu kimejikwaa.

Kosa la pili la historia ni dogo, ila linauma. Wimbo wa vinubi vya dhahabu wa mwaka 1871 umewekewa tuni iitwayo Hermas, na palipotakiwa jina la mtunzi pameandikwa "hajulikani". Hermas ni tuni ya Havergal mwenyewe. Maneno yake aliyaandika kwa muda wa dakika kumi hivi huko Perry Barr, ameegemea ukuta wa uwanja wa shule, akimsubiri rafiki aliyeingia darasani. Katika nyimbo saba, huu pekee ndio wenye maneno na sauti kutoka mkono mmoja, na jina lake ndilo lililoachwa wazi.

Kosa la tatu linahusu vito. Kijitabu kinasema "aliuza vito vyake vyote akawapa maskini". Ilivyokuwa ni hivi. Tarehe 4 Februari 1874, mwishoni mwa siku tano alizokaa Areley House, nyumba iliyokuwa na watu kumi aliowaombea mmoja mmoja, alishindwa kulala kwa furaha, na mishororo ya kuutoa uzima wake ikamjia miwili miwili hadi alfajiri. Ndani yake mna ahadi ya kutoa fedha na dhahabu. Agosti 1878 aliitimiza: alifunga sandukuni vito karibu 50 akavipeleka kwa Church Missionary Society, chama cha wamisionari cha Kianglikana, wavigeuze kuwa fedha za kazi yao. Alibaki na bruchi moja au mbili za kuvaa kila siku, kumbukumbu za wazazi wake, na kidani chenye picha ya mtoto wa nduguye aliyefariki. Na hivyo alivyobaki navyo alivilipia thamani yake kwa chama ili asipunguze alichoahidi.

Kwa msomaji wa Nyanza jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa chama hichohicho ndicho kilichoanzisha shule ya Maseno mwaka 1906, miaka 27 baada ya yeye kufariki. Isisemwe jukwaani kwamba vito vyake vilijenga Maseno. Hakuna kinachoonyesha hivyo. Yatosha kusema kwamba anayeimba ubeti wa fedha na dhahabu pale Maseno anaimba maneno ya mtu aliyevua vyake kwa ajili ya chama kilekile.

Sasa tuje kwenye noti, na tukae na wimbo huo mmoja wa kuutoa uzima, maana ndio utakaoimbwa kwanza na ndio unaoonyesha kasoro yote ya kijitabu.

Kizungu chake ni cha mizani saba kwa kila mshororo: silabi ya kwanza nzito, ya pili nyepesi, hivyo hivyo hadi ya saba ambayo ni nzito na huvutwa mapigo mawili. Jumla mapigo manane. Tafsiri ya Kiswahili iliyochapwa hapa inaanza "Twae wangu uzima, sadaka ya daima". Hesabu: saba na saba. Vina viko: -ma na -ma. Kwa mshairi wa Kiswahili kazi imekwisha. Kwa mwimbaji ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na tuni hii inataka uzito mwishoni kabisa. Kijitabu kimepanga hivi (mstari wa wima na nukta mbili hutenganisha mapigo, pigo la baada ya mstari ni zito, la baada ya nukta mbili ni jepesi, na kistari ni kuvuta):

| Twa :e | wa :ngu | u :zi | ma :– |

Soma kwa kupiga meza kwenye kila mstari wa wima. "Twae" imekaa vizuri, "wangu" imekaa vizuri. Kisha inakuja "U-zi-MAAA". Neno tunalotamka uZIma limegeuzwa, silabi yenye mkazo imebanwa kwenye pigo jepesi, na silabi dhaifu imepewa mapigo mawili na sauti ya kwaya nzima. Mshororo wa pili una hali mbaya zaidi: mikazo yake ni saDAka na daIma, yaani silabi ya pili na ya sita, na zote mbili zimeangukia mapigo mepesi. Hakuna hata moja iliyopona.

Dawa ipo, na haiharibu sauti ya tuni. Kwa tuni yoyote ya mizani saba inayokwenda pigo moja kwa kila silabi na kuvuta ya mwisho, andika kwa penseli hivi:

| Twa :e | wa :ngu.u | zi :– | ma :sa |
| da :ka | ya :da | i :– | ma :– |

Katika mshororo wa kwanza, noti ya pigo la nne inagawanywa nusu kwa nusu, "ngu" na "u", kwa sauti ileile. "Zi" inaingia pigo la tano, ambalo ni zito, na inabeba noti ya tano na ya sita pamoja. Zipigie mstari chini, kama solfa inavyoonyesha noti zinazofungwa kwa silabi moja. "Ma" inabaki na noti ya saba, ila pigo moja tu. Pigo la nane linaachiwa "sa", kwa noti ileile, ili "da" ya sadaka iangukie pigo zito linalofuata. Imba polepole mara mbili na utasikia maneno yamerudi kuwa maneno.

Uzuri ni kwamba mishororo miwili inayofuata ina umbo lilelile. "Twae saa na siku" inafuata mpango wa kwanza, "saa" ikichukua pigo la tatu na nusu ya la nne, na "na" ikidandia nusu inayobaki. "Zikutukuze huku" inafuata mpango wa pili, "zi" ikitangulia kwenye pigo la nane. Usidhani beti zote zitakubali, lakini. Kila ubeti uupime kwa kuusema kwa kawaida, kama unavyozungumza na mtu, ukitia alama kwenye mikazo, ndipo upange.

Yako mambo matatu yanayoharibu marekebisho haya. La kwanza ni kuyafanya kwa sauti ya kwanza pekee. Waimbaji wa sauti ya tena na wa besi wakibaki na mpango wa zamani, soprano watakuwa wameanza "sa" huku wengine wanavuta "ma", na maneno yatasikika kama watu wawili wanaokatizana. Sauti zote nne zibadilishwe kwa pamoja. La pili ni pumzi. Tuni ya awali inaruhusu kuvuta hewa kwenye pigo la nane, sasa limejaa. Pumzi ihamie mwisho wa mshororo wa pili, na kwaya isiyoweza kufika huko ivute haraka baada ya "wangu". La tatu ni vokali mbili zinazofuatana. "Saa" ni silabi mbili, "miguu" ni tatu, na aliyechapa kijitabu hiki ameandika "mi-guu" chini ya noti mbili, hivyo noti ya tatu imebaki haina mwenyewe na mshororo mzima umesogea. Angalia ubeti wa miguu kwa makini.

Kuhusu tuni yenyewe: kijitabu kimechagua Hendon, ya César Malan wa Geneva. Si chaguo baya, na wengi wanaijua. Hendon hurudia mshororo wa mwisho wa kila ubeti, na solfa imechapwa na marudio hayo lakini maneno hayakurudiwa, kwa hiyo mgeni atafika hapo akose cha kuimba. Andika "mara 2". Havergal mwenyewe alipenda wimbo huu uimbwe kwa tuni ya baba yake iitwayo Patmos, na ingekuwa heshima kuichapa hata kwa robo ya ukurasa.

Nyimbo zilizokaa vizuri kabisa ni tatu za mizani 6 na 5: vinubi vya dhahabu vya 1871, ule wa amani kama mto wa 1876 kwa tuni ya James Mountain iitwayo Wye Valley, na ule wa kuuliza nani yuko upande wa Bwana, wa Oktoba 1877, uliotoka 1 Mambo ya Nyakati 12:18 na unaoimbwa kwa Armageddon, tuni ya Luise Reichardt iliyopangwa na John Goss. Sababu ya kukaa vizuri iko wazi ukishaelewa habari ya mkazo. Mshororo wa mizani sita hapa unaanza kwa pigo zito na kumalizia kwa pigo jepesi, kwa hiyo silabi ya tano ndiyo nzito, na ya tano katika sita ni ile ya pili kutoka mwisho. Kiswahili kinaingia chenyewe kama mguu kwenye kiatu chake. Shida inabaki kwenye mishororo ya mizani mitano tu, na hapo mfasiri amekuwa mwangalifu: mara kadhaa amemaliza kwa neno la silabi moja, "tu" au "pia" iliyofupishwa kwa kuimbwa, ambalo linaweza kubeba uzito. Kwaya yenye muda mfupi ianze na hizi tatu.

Wimbo wa kumtumaini Bwana Yesu aliuandika Uswisi, Septemba 1874, na karatasi yenye maneno yake ilikutwa ndani ya Biblia yake ya mfukoni baada ya kufa. Aliupenda kuliko nyimbo zake nyingine. Vipimo vyake ni vya ajabu: 8, 5, 8, kisha 3. Mizani minane ni nyumbani kwetu, ndiyo kipande cha shairi la Kiswahili tangu zamani, na mishororo hiyo miwili inatiririka. Ila ule wa mwisho una noti tatu tu, nzito, nyepesi, nzito, na kijitabu kimesukuma ndani neno la silabi nne kwa kugawanya noti ya katikati. Linasikika kama mtu anayekimbilia matatu. Weka "wewe tu": WEwe ni mkazo wa kwanza, "tu" inasimama peke yake kwenye noti ya mwisho, na maana inabaki ndani ya alichosema mwandishi, kwa kuwa ubeti wa kwanza unasema anamtumaini yeye pekee. Tuni ni Bullinger, imechapwa bila kosa.

Ule wa kumwomba Bwana aseme nami ili niseme, wa Aprili 1872, haufai kama ulivyo. Mishororo yake ya mizani minane inaanza kwa silabi nyepesi na kumalizia kwa nzito, kinyume kabisa cha neno la Kiswahili, na mfasiri ameshindwa kila mahali. Si kosa la kurekebishwa kwa penseli; unahitaji tafsiri mpya. Tuni yake, Canonbury, iliyotokana na kipande cha piano cha Schumann cha 1839, ni tamu mno kupoteza. Hadi tafsiri ipatikane, uimbwe kwa Kiingereza, au kwaya ivume tuni bila maneno wakati wa sala.

Wimbo wa saba, ule wa Kristo akisema "nilitoa uzima wangu kwa ajili yako", aliuandika mwaka 1858 akiwa na miaka 21, baada ya kuitazama picha ya Kristo huko Ujerumani. Hakuuona wa maana akakaribia kuuchoma. Baba yake ndiye aliyeuthamini, akautungia tuni. Kijitabu kimetumia tuni ya Philip Bliss ya 1873, inayojulikana zaidi, na kimeipanga kwa ufundi. Alto ina mwendo mzuri kwenye kiitikio. Kwenye maneno, mshororo wa tano unarudia kitenzi mara mbili, na Kiswahili hukubali marudio kama hayo bila kulalamika.

Solfa kwa jumla imechapwa na mtu anayejua kazi. Nukta mbili zimesimama chini ya nukta mbili katika sauti zote nne, jambo ambalo nakala nyingi za kompyuta hukosa kwa sababu huandikwa kwa herufi zenye upana tofauti. Hapa imetumika aina ya maandishi ambayo kila herufi ina upana sawa, kwa hiyo jicho linashuka kutoka soprano hadi besi bila kupotea. Ufunguo umeandikwa juu kushoto, "Doh ni G", "Doh ni F", na idadi ya mapigo kando yake. Makosa yaliyopo ni ya aina mbili. Alama ya oktava ya juu imegeuzwa na kompyuta ikawa alama ya kunukuu iliyopinda, na mara nne imerukia noti inayofuata. Ukiona alto inaruka ghafla juu ya soprano, ujue ni hiyo. Na kwenye besi ya Canonbury, baa ya sita, pamechapwa f palipotakiwa fe, yaani f iliyopandishwa nusu sauti. Sauti itakuambia: iimbe pamoja na sauti ya tena, na utaisikia ikikwaruza.

Ukurasa wa 20 una maelezo mafupi ya solfa yenyewe, sahihi na yenye faida kwa anayeanza. Yanamtaja Sarah Glover wa Norwich aliyeibuni njia hii na John Curwen, 1816 hadi 1880, aliyeikamilisha na kuisambaza. Waliishi enzi moja na Havergal, hivyo solfa si nguo ya kuazima kwa nyimbo hizi.

Karatasi ni ya gramu 80, na chapa ni ya tona, si wino wa maji. Hili la pili ni muhimu. Jioni za Kisumu mikono inatoka jasho, na nakala za wino wa maji huchafuka kabla ya ibada kwisha. Gramu 80 inaruhusu maandishi ya nyuma kuonekana kidogo, hasa chini ya taa moja ya ukumbi, lakini karatasi nzito zaidi ingepandisha bei. Herufi za solfa ni kubwa vya kutosha kusomwa na watu wawili wanaoshiriki nakala. Za maneno ni ndogo, na watatu hawatoshi. Mgongo umeshonwa kwa stepla mbili, na kijitabu hulala wazi bila kushikiliwa. Jalada ni kadi nyembamba isiyo na plastiki, itaanza kukunjika pembe baada ya miezi michache. Kwa kwaya inayotembea, fungia jalada karatasi ya kava kama vitabu vya shule.

Jina la mfasiri halipo popote, na hilo si adabu wala si salama. Maneno ya Havergal na tuni hizi zote ni za karne ya kumi na tisa, hazina mwenye haki tena. Tafsiri ni kazi ya mtu, na sheria ya Kenya inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Tafsiri za zamani za wamisionari nyingi zimeshapita muda huo. Nyingine kati ya hizi saba zina Kiswahili cha sasa, na mwenyewe huenda yu hai. Ndiyo sababu hatushauri kununua nakala moja na kwenda kutoa kopi 30, ingawa hesabu inavutia: kurasa mbili za A5 hukaa upande mmoja wa A4, pande 12 kwa shilingi 5 ni shilingi 60. Penye tuni bila maneno una uhuru. Penye maneno mapya, nunua.

Kuanzia nakala 20 duka hupunguza hadi shilingi 170, na agizo huchukua siku mbili. Kabla ya kulipa, fungua kila nakala katikati: kurasa za 12 na 13 ziwe ubavu kwa ubavu, stepla zikipita kati yake. Katika mafungu mengine karatasi ya ndani kabisa imeingizwa kichwa chini, na nakala hiyo haitengenezeki bila kung'oa stepla. Mwuzaji huibadilisha ukimwonyesha pale pale dukani.